Mikono Iliyomdanganya Kimeu

Mbuzi ndio waliotangulia kuingia. Walikuwa watatu, beberu na majike wawili, wakivutana kwenye kamba kana kwamba na wao walikuwa na harusi yao ya kuwahi. Nyuma yao alikuja Mzee Ndolo, baba mdogo wa Kimeu, koti la suti likimbana mabegani, pamoja na wazee wengine wawili kutoka kwao Kathiani. Wa mwisho alikuwa Kimeu mwenyewe, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi hata vumbi la Muthetheni liliona haya kuvigusa.

Ndinda alichungulia kwenye mlango wa jikoni. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukaanguka kwa hofu, yote kwa pumzi moja.

Kimeu alimwona. Wazee walipokuwa wakitafuta mahali pa kufunga mbuzi, yeye aliinua kidole akakigusisha shavuni, pale ambapo Ndinda akicheka hutokea kishimo. Hilo lilikuwa jina lake. Viziwi hawamwiti mtu kwa sauti, humpa ishara yake, na ishara hiyo Ndinda alipewa na Kimeu. Kisha mikono yake ikasema, "Umependeza leo." Raha ya lugha ya ishara ni hiyo. Unamsifu msichana mbele ya wazee na hakuna hata mmoja anayekohoa.

Ndinda alitaka kumjibu lakini mikono ilikuwa imejaa unga wa chapati. Alitabasamu tu, tena nusu, akarudi ndani.

"Wamefika," alimwambia mama yake. "Mwaitu, nau yuko wapi?" aliuliza, akimtafuta baba yake kwa macho.

"Yuko chini kwa matuta, analima. Nimetuma aitwe," alijibu Wanza, mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Na akikasirika?"

"Wacha akasirike. Mbuzi za ntheo zikishaingia boma, ni Mkamba gani wa kuzitoa? Hata awe na kichwa ngumu namna gani, ataogopa watu. Wewe angalia chai isimwagike."

Kwa Wakamba, ntheo ndiyo mlango wa ndoa. Mbuzi wakipokewa kwa kina msichana, beberu akachinjwa, wazee wa pande mbili wakala nyama pamoja, basi msichana ni mke wa watu, na mahari itafuata polepole. Mbuzi wakikataliwa, hakuna cha harusi wala cha kanisa. Kila mtu hapo nyumbani alilijua hilo. Aliyekuwa hajui kwamba mbuzi wangekuja siku hiyo ni mmoja tu, naye ndiye mwenye boma.

Tulaumu macho, kama ni lazima tulaumu kitu. Ndinda alikwenda chuo cha ualimu mjini Machakos kusomea kufundisha shule ya msingi, akachagua darasa la watoto viziwi kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua vizuri. Aliyewafundisha lugha ya ishara alikuwa Kimeu. Homa kali ya utotoni ilikuwa imemwacha hasikii kitu, hata radi. Siku ya kwanza aliingia darasani, akaandika ubaoni, "Zimeni sauti," na kuanzia hapo hakuna mwanachuo aliyeruhusiwa kufungua mdomo. Alipofika kwa Ndinda alimtazama akisaini sentensi yake kwa mikono, akatikisa kichwa, akaandika kwenye kona ya ubao, "Mikono yako inasema vizuri. Uso wako umelala." Darasa zima lilicheka bila sauti. Ndinda alichukia, na usiku huo hakulala.

Sasa wewe fikiri. Lugha ya ishara haikuruhusu kutazama pembeni. Ukitazama pembeni umemfungia mwenzako mlango. Vijana wawili wanakaa wakitazamana usoni muhula mzima, mmoja akimfundisha mwingine jinsi ya kuuliza kwa nyusi na kukasirika kwa midomo. Ulitarajia nini? Peris, rafiki yake Ndinda wa bweni moja, aliona mapema. "Wewe msichana, hiyo si homework tena," alimwambia. "Hiyo ni mapenzi, na utafeli mtihani." Ndinda hakufeli. Kwenye somo la ukalimani aliongoza darasa.

Na hapo ndipo uchungu ulipo. Katika somo hilo walifundishwa jambo moja kabla ya yote: mkalimani hana maneno yake. Mtu akisema "mimi," nawe unasema "mimi." Akisifu, unasifu. Akitukana, unatukana, hata kama anayetukanwa ni mama yako. Ndinda alilijibu hilo kwenye karatasi ya mtihani kwa mwandiko mzuri. Kisha, kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, akamleta Kimeu nyumbani kumjulisha kwa baba yake.

Mzee Wathome hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Kimeu, akamtazama binti yake, akasema wazi kwamba hawezi kumwoza mtoto wake kwa mtu asiyesikia. "Mwambie hivyo," akamwambia Ndinda. "Mwambie asijisumbue kuleta wazee."

Kimeu aligeuka kumtazama Ndinda, macho yamejaa matumaini, akingoja.

Ndinda angefanya nini? Mimi sijui ningefanya nini. Mikono yake iliinuka yenyewe. "Baba amefurahi kukuona," ikasema. "Anasema umpe muda kidogo, kisha ulete wazee."

Kimeu aliinuka akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akainama. Wathome alishangaa, akadhani kijana ameyapokea maneno kiungwana, na moyoni akamheshimu. Wote wawili waliachana kwa amani, kila mmoja na mazungumzo yake. Ndinda alijiambia kwamba angemlainisha baba yake kidogo kidogo, uongo ule ugeuke kuwa kweli kabla haujaulizwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikwisha mbele ya mlango wa jikoni kwao.

Mzee Wathome alitokea nyuma ya zizi, jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Alipoona wageni aliweka jembe chini, akajifuta mikono, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa heshima, hata Kimeu. Kisha akawaona mbuzi.

"Wazee, karibuni kwangu," alisema. "Lakini hizi mbuzi ni za nini?"

Mzee Ndolo alicheka kwa furaha. Alijua mchezo huo. Siku ya ntheo, mwenye boma hujifanya hajui kitu, na wageni hujifanya wamepotea njia. Ndivyo wazee wanavyofurahisha mambo.

"Ah, Mzee, sisi tulikuwa tunapita tu," alisema Ndolo akiweka fimbo yake vizuri. "Tukaona kuna ua mzuri umemea hapa kwako. Tukasema hatuwezi kupita hivi hivi. Hizi mbuzi nazo zimekataa kutembea mbele."

Wazee wenzake wakacheka. Wathome hakucheka.

"Mimi sichezi, ndugu yangu. Nauliza."

"Asi! Si tuliambiwa tuje?"

"Na nani?"

Ndolo alimtazama Kimeu. Kimeu alimtazama Ndinda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai mkononi, lisilojua liende kwa nani.

"Ndinda," aliita baba yake. "Kuja hapa. Mimi nilimwambia nini huyu kijana siku ile?"

Ndinda alisogea hatua moja, birika bado mkononi.

"Nilisema asilete wazee. Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema, nau."

"Na wewe ulimwambia hivyo?"

Wanza alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. "Baba Ndinda, wageni wamesimama kwa jua. Wakae kwanza, haya mengine..."

"Nyamaza, mama. Nauliza mtoto." Sauti yake haikuwa kubwa. "Ulimwambia?"

"Hapana," alisema Ndinda. Chai ilianza kummwagikia kidoleni na hakuisikia.

Mzee Ndolo alikaa chini kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha. Nimetaja koti lile lililombana. Aliliazima kwa jirani kwa ajili ya siku hiyo. Aliangalia viatu vyake. Mzee mwenzake mmoja akasema polepole, "Basi tumedharauliwa."

Kimeu hakusikia hata neno moja kati ya hayo. Lakini mtu aliyeishi miaka yote akisoma nyuso hahitaji kuambiwa kwamba nyumba inaungua. Alivuka ua akaenda hadi kwa Ndinda, akamtoa birika mkononi, akaliweka chini. Akamwashiria wasogee. Walisimama kando ya tangi la maji, machoni pa watu wote, na hapo ndipo walipogombana. Ugomvi wao ulikuwa wa mikono mitupu, na wazee waliutazama kama watu wanaotazama mvua ikinyesha kwenye mlima wa mbali.

"Baba yako amesema nini?" aliuliza Kimeu.

"Amekasirika kwa sababu hakujua mnakuja leo."

"Ndinda." Hakugusa shavu. Alilitaja kwa herufi, moja baada ya nyingine, kwa vidole, jinsi unavyolitaja jina la mtu usiyemjua. "Nimekuuliza, baba yako amesema nini?"

Machozi yakamtoka. Akamweleza yote. Akamweleza siku ile, maneno ya baba yake, maneno aliyoyaweka yeye badala yake, jinsi alivyopanga na mama yake kwamba mbuzi wakiingia hawatatolewa. Ishara nyingine zilimponyoka, akazirudia.

Kimeu alimsubiri hadi mwisho. Hakumkatiza. Afadhali angemkatiza.

"Siku ile nilimwona baba yako," alisema. "Uso wake ulikataa. Niliuona. Mimi nyuso nazijua kuliko ninavyojua kusoma kitabu. Kisha nikatazama mikono yako, ikaniambia amefurahi. Nikajiambia, Kimeu, macho yako yamekosea leo. Niliamini mikono yako nikayakana macho yangu."

"Nilitaka kukulinda."

"Na nani?"

"Na maumivu."

Kimeu alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Kwetu wakila, wakizungumza, wakicheka, nikauliza wanacheka nini, mama aliniambia, 'Si kitu, nitakuambia baadaye.' Ndugu zangu, 'Si kitu.' Kanisani, 'Si kitu.' Baba alipokuwa mahututi niliuliza daktari amesema nini, wakaniambia atapona. Nilikwenda kazini. Niliporudi walikuwa wanachimba kaburi. Wote walikuwa wananilinda, Ndinda. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kila kitu. Ulinieleza hata matangazo ya redio, hata watu wakiteta foleni ya benki. Ndiyo maana nilikupenda. Si kishimo cha shavu. Kishimo ni cha kuongezea."

"Bado ni mimi," alisema Ndinda. "Nilikosea mara moja."

"Mara moja ninayoijua."

Neno hilo lilimkata. Angeweza kubishana na hasira, lakini hapakuwa na hasira. Alimtazama usoni, kama alivyofundishwa, akitafuta hata pembe ndogo ya msamaha, akaona upendo mtupu, wote uko pale pale ulipokuwa, na upendo huo haukumsaidia kitu.

"Mwakani utakuwa na darasa," Kimeu aliendelea. "Watoto wadogo. Mtoto atakuvuta sketi akuulize, mwalimu, yule mama amesema nini kuhusu mimi? Utamwambia nini?"

Ndinda aliitazama mikono yake.

"Futa machozi," alisema Kimeu. "Twende. Nataka nizungumze na baba yako. Wewe ni mkalimani. Leo ufanye kazi yako."

Walirudi. Kimeu alisimama mbele ya Mzee Wathome, na Ndinda akasimama ubavuni kwa mzee, mahali ambapo mkalimani husimama ili kiziwi awaone wote wawili. Wanza aliziba mdomo kwa leso.

"Nau," alisema Ndinda, "anaomba umwambie tena. Yote. Nami nitamwambia vile unavyosema."

Wathome alimtazama kijana huyo aliyemletea uso wake mzima. Akakohoa. Ni rahisi kumkataa mtu kupitia kwa mtu mwingine. Huyu alikuwa amekuja kukataliwa mwenyewe.

"Mimi sina ubaya na wewe," alianza, na mikono ya Ndinda ikaanza. "Wewe una kazi, una heshima. Lakini mimi siwezi kukupea binti yangu. Usiku mtoto akilia, nani ataamka? Mwizi akivunja mlango, nani atasikia? Mimi nikiwa mgonjwa nipigie mkwe wangu simu, nitaongea na nani? Nitakuwa na mkwe, na sina mkwe. Na kwa soko watu watasema Wathome alikosa mtu wa kumwoza msichana wake."

Ndinda aliyasaini yote. Alisaini la soko, na uso wake haukulala. Uliuma jinsi maneno yalivyouma. Kimeu alipokea moja moja akiitikia kwa kichwa. Kisha akainua mikono, na Ndinda akafungua mdomo.

"Mzee, asante," alisema Ndinda kwa sauti yake, na maneno yalikuwa ya Kimeu. "Hayo ni maswali ya mzazi. Mimi si kiziwi wa kwanza kutaka nyumba. Niko na rafiki zangu viziwi, mume na mke, wana watoto. Mtoto akiwa mdogo, mama hulala mkono uko kifuani kwake. Akilia, kifua kinamwamsha. Akikua kidogo yeye mwenyewe huja kuwavuta shuka. Mwizi nami namwogopa kama wewe, ndiyo maana nilinunua mbwa kabla sijanunua kitanda. Simu nasoma na kuandika, tena ujumbe wangu hauna makosa mengi kama wa wanaosikia."

Mzee mmoja wa Kathiani alicheka bila kutaka. Hata Wathome pembe ya mdomo ilimcheza.

"La soko," Ndinda aliendelea, "sina dawa yake. Soko limenisema tangu utotoni, masikio yalipoziba. Lakini wewe mwenyewe ungeniuliza haya siku ile, ningekujibu. Labda ungenikataa. Labda tungekunywa chai tukabishana mpaka jioni. Sikuulizwa."

Mzee Wathome alijikuna kidevu. Alitazama mbuzi, akamtazama Mzee Ndolo aliyekuwa bado ameinamisha kichwa, akamtazama tena Kimeu, na kwa mara ya kwanza alimtazama jinsi mwanamume anavyomtazama mwanamume mwenzake aliyemjibu vizuri.

"Huyu kijana ana maneno," alisema polepole. "Sikujua ana maneno." Akamgeukia mkewe. "Mama, leta viti vingine. Ndinda, mwambie akae. Mbuzi zingoje kwanza. Sijakubali, lakini mwambie akae tuongee."

Wanza alikimbia ndani karibu kuanguka. Ndinda alihisi damu ikimrudi mwilini. Mikono yake iliruka. "Baba anasema ukae! Anasema mbuzi wangoje, mzungumze! Ni kweli, Kimeu, ni maneno yake yenyewe, mtazame usoni!"

Kimeu alimtazama Wathome usoni. Alitazama kwa makini, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, jinsi mtu anavyokagua noti aliyopewa sokoni. Kisha akamtazama Ndinda, na Ndinda aliona alichokifanya, akaona kwamba angekifanya maisha yake yote: kila neno atakalompa, angeliangalia kwanza kwenye uso wa mtu mwingine.

Naye Kimeu aliona kwamba Ndinda ameona. Macho yake yakajaa maji. Akainua mikono, akasaini polepole, safi, jinsi anavyosaini mbele ya wanafunzi wapya ili wasikose kitu.

"Anasema nini?" aliuliza Wathome.

Ndinda alimgeukia baba yake.

"Mzee," alisema, "umenikaribisha, na mimi nitakumbuka hilo. Baba mdogo atakuomba msamaha kwa usumbufu wa leo. Nilikuja hapa kumwoa binti yako. Nampenda. Sijui kama nitapenda mwingine." Sauti ilikatika. Kimeu alisimamisha mikono, akamngoja, kama mwalimu anavyomngoja mwanafunzi. Alipoona yuko tayari akaendelea, na Ndinda akaendelea. "Lakini mke wangu ndiye angekuwa masikio yangu. Na mimi siwezi kuishi nikiyachunguza masikio yangu. Simwoi."

Wanza alikuwa ametokea mlangoni na kiti, amekishika kifuani.

Wathome alimtazama binti yake kama mtu aliyesikia vibaya. Sauti iliyolikataa boma lake ilikuwa sauti ya mtoto wake mwenyewe.

"Ndinda," alisema taratibu, "hayo ni yake, ama ni yako?"

"Ni yake, nau. Yangu hakuna aliyeyauliza."

Kimeu aliona midomo yao ikitembea. Aliinua nyusi, akingoja kuambiwa kilichosemwa. Na Ndinda, machozi yakimdondoka hadi kwenye ukosi wa nguo, aliinua mikono yake akamwambia swali lote la baba yake, kisha akamwambia na jibu lake.

Kimeu alilisoma hadi mwisho. Akainamisha kichwa kumshukuru, kisha akaenda kuwafungua mbuzi.